Damu ya Ukoo Haina Hatia: Kwa Nini Hakuna Sindano ya Kupima Nia ya Kujiua

Huenda hata kijijini kwenu iko nyumba inayosemwa kwa sauti ya chini. Mtu akipita karibu na lango lake, mwenzake humgusa kiwiko na kumnong'oneza: "Hao wana damu mbaya." Si kwamba ni wezi, wala si walevi. Hatia yao ni moja tu, kwamba miaka mingi iliyopita mmoja wao alijiua. Tangu siku hiyo damu ya nyumba nzima ikatiwa doa, na doa hilo halijaoshwa na mvua wala na sala.

Nyumba ya aina hiyo naijua vizuri, kwa sababu ni ya akina mama yangu. Iko Mweiga, ule mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nyahururu, ambapo asubuhi isiyo na ukungu unauona Mlima Kenya upande mmoja na safu ya Aberdare upande wa pili. Mjomba wangu, kaka yake mama, alijitoa uhai mwaka wa 1998 nikiwa darasa la tano. Alikuwa mkulima wa viazi na kabeji, mtu wa mzaha na vicheko. Katika miezi yake ya mwisho aliacha mzaha, akaacha kula, usingizi ukamhama. Watu wazima walisema ana mawazo mengi. Hakuna aliyesema kuwa ni mgonjwa.

Sitakueleza alivyokufa, maana hilo halimsaidii mtu yeyote. Nitakueleza yaliyofuata, kwa kuwa hayo yanaendelea hadi leo. Mwaka jana bintiye mjomba, binamu yangu, alipata mchumba. Mambo yalipofika kwenye posa, wazee wa upande wa mvulana waliuliza kwa heshima, lakini waliuliza: "Tumesikia habari za marehemu baba ya msichana. Je, jambo lile halitawafuata wajukuu wetu?"

Jioni hiyo binamu yangu alinipigia simu. "Dada," akasema, "wewe ni mtu wa magazeti na unajuana na madaktari. Siku hizi wanapima damu wakajua kila kitu, kuanzia sukari hadi baba wa mtoto. Hakuna kipimo cha hili? Nipimwe, nipewe cheti, niwapelekee wazee wasome." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa sauti nyingine kabisa: "Na kama kipo, nataka mdogo wangu apimwe kwanza."

Mdogo wake alikuwa amepoteza kazi Nairobi na kurudi kwa mama yao. Kutwa alijifungia chumbani. Redio yake aliyoipenda alikuwa amempa mtoto wa jirani bila sababu.

Basi hayo ndiyo maswali mawili niliyoyabeba kwa wiki kadhaa, nikisoma na kuuliza wenye ujuzi. Je, damu yaweza kutangaza kwamba huyu yu salama? Na je, yaweza kutuonya kwamba yule yu hatarini? Nilichokipata nakuletea leo, kwa sababu najua si familia yetu peke yake inayokiulizia.

JE, HURITHIWA?

Tuanze na swali la wazee wa posa, kwa maana si swali la kijinga. Hata wanasayansi waliliuliza.

Mwaka wa 1979 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Denmark, nchi inayotunza kumbukumbu za watoto walioasiliwa, yaani waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Waliwachukua watu 57 waliolelewa hivyo na ambao baadaye walijiua, wakawafuatia ndugu zao wa damu. Kati ya ndugu 269 wa damu, 12 walikuwa wamejiua. Kisha wakawachukua watu wengine 57 walioasiliwa ambao hawakujiua. Kati ya ndugu zao 269, waliojiua walikuwa wawili tu. Katika familia zilizowalea hapakupatikana hata mmoja.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 1985, ikatoka habari ya Waamish wa Pennsylvania nchini Marekani, jamii ya Wakristo wanaoishi kwa kilimo na wanaojua nasaba zao kwa vizazi vingi. Katika miaka 100, kuanzia 1880 hadi 1980, watu 26 miongoni mwao walijiua, na karibu robo tatu yao walitoka katika koo nne pekee.

Hapo wazee wa posa watatikisa vichwa na kusema, "Si tulisema!" Lakini subirini kidogo, wazee wangu. Rudini kwenye hesabu ya Denmark. Kati ya wale ndugu 269 wa damu, 257 hawakujiua. Miongoni mwa Waamish nako zilikuwapo koo nyingine zilizosumbuliwa sana na maradhi ya huzuni, lakini waliojiua humo walikuwa wachache mno. Kwa hivyo kinachorithiwa si kifo. Kinachoweza kurithiwa ni wepesi wa kuumia, jinsi mtu anavyoweza kurithi mwelekeo wa kupata shinikizo la damu. Mtoto wa mwenye shinikizo la damu hatumwiti mtu wa damu mbaya. Tunamwambia apunguze chumvi na aende akapimwe.

MAJI YA MGONGO NA VIDOKEZO VYA DAMU

Sasa tuje kwenye ombi la binamu yangu. Je, kuna kipimo?

Wanasayansi wamekitafuta kwa zaidi ya nusu karne. Ugonjwa ambao vitabu huuita sonona, na ambao sisi tumezoea kuuita mawazo mengi, humpata mtu mwilini pia. Hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, huchoka bila kazi. Wakajiuliza: kama mwili mzima unaguswa, mbona usiwe na alama ya kuonyesha ni nani atakayefikia hatua ya kutaka kufa?

Mwaka wa 1976 daktari Marie Åsberg na wenzake wa Uswidi walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa 68 wa sonona. Walitafuta masalio ya serotonini, kemikali inayosaidia ubongo kupeleka habari za hisia na kuzuia pupa. Wagonjwa wakagawanyika makundi mawili. Ishirini walikuwa na masalio kidogo, na 48 walikuwa nayo ya kutosha. Katika lile kundi la 20, wanane walikuwa wamejaribu kujiua, na wawili katika kundi hilo walikufa. Katika lile la 48, saba walikuwa wamejaribu na hakuna aliyekufa.

Habari hiyo iliwasisimua madaktari kila mahali. Lakini itazame kwa jicho la mama aliye na mgonjwa nyumbani. Kati ya wale 20 wenye alama ya hatari, 12 hawakujaribu. Na kati ya watu 15 waliojaribu kwa jumla, saba walitoka katika kundi ambalo kipimo kingelisema ni salama. Je, ungemwamini nani?

Wengine walifuata homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitoa mtu anapobanwa na dhiki. Mgonjwa hupewa dawa ya deksamethasoni usiku, na kwa kawaida kotisoli hushuka. Kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona haishuki, kama king'ora kinachoendelea kulia baada ya mwizi kuondoka. Mwaka wa 2001 watafiti wa Marekani waliripoti kuhusu wagonjwa 78 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 15. Walikadiria kwamba miongoni mwa wale ambao king'ora chao hakikuzimika, karibu asilimia 27 wangejiua hatimaye, ikilinganishwa na asilimia 3 hivi ya wengine. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini bado karibu robo tatu ya wenye alama hawakuhesabiwa katika kifo hicho.

Baadaye yakaja majaribio ya damu. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, wakiongozwa na Alexander Niculescu, walitaja vidokezo kadhaa vya damu, kikiwamo cha jeni iitwayo SAT1. Mwaka wa 2014 wenzao wa Johns Hopkins wakataja jeni nyingine, SKA2, inayohusika na jinsi mwili unavyotuliza dhiki. Magazeti yalipiga vigelegele. Lakini hadi leo hakuna hata kimojawapo kilichogeuka kuwa kipimo cha kawaida ambacho daktari wa Nyeri, Nairobi au London anaweza kukuandikia kwenye karatasi ukapimwe.

Mwaka wa 2017 kundi la watafiti lilikusanya tafiti 365 za miaka 50 kuhusu dalili za kutabiri kujiua, za mwilini na zisizo za mwilini. Walipata kwamba kila dalili ikitumiwa peke yake hubashiri vizuri kidogo tu kuliko kurusha shilingi juu na kuotea upande.

HESABU YA WATU ELFU MOJA

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watauliza kwa nini jambo linaloonekana wazi katika kundi lishindwe kwa mtu mmoja. Chukua kalamu. Huu ni mfano tu, si takwimu ya mahali popote.

Tuseme tuna wagonjwa 1,000 wa sonona, na kati yao 10 watajaribu kujiua mwaka huu. Tuseme tena tumepata kipimo kizuri kinachosema kweli mara 80 katika kila 100. Miongoni mwa wale 10, kipimo kitawanasa wanane na kuwaacha wawili waende zao wakiwa na cheti cha usalama. Miongoni mwa wale 990 waliobaki, kipimo kitakosea kwa watu 198 na kuwapiga muhuri wa hatari bure. Utakuwa na watu 206 wenye muhuri, na wanane tu ndio wanaostahili.

Sasa wafikirie wale 198 wakirudi nyumbani Mweiga, Karatina au Nanyuki na karatasi hiyo mfukoni. Nani atawaposa, na nani atawaandika kazi? Na wale wawili wenye cheti safi, nani atakesha nao?

Nilipomweleza binamu yangu hesabu hiyo, alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hivyo cheti nilichokitaka kingekuwa uongo." Naam. Na cheti cha kumhukumu kingekuwa uongo vilevile.

KIPIMO KILICHOPO NI ULIMI

Lakini hatukuishia hapo, kwa sababu mdogo wake alikuwa bado amejifungia chumbani. Kwake kuna kipimo kisichohitaji sindano wala maabara. Anaulizwa.

Najua utashtuka. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba ukilitaja jambo hilo utalipanda moyoni mwa mtu. Imani hiyo imechunguzwa. Mwaka wa 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari katika jimbo la New York. Baadhi waliulizwa waziwazi kuhusu kujiua, wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakupata mawazo hayo zaidi ya wenzao. Na wale waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu, kuulizwa hakukuwazidishia dhiki. Kama kulikuwa na tofauti, ilikuwa ya kuwapa nafuu.

Basi binamu yangu akasafiri Jumamosi hadi kwa mama yake. Hakuzunguka mbuyu. Alikaa kitandani kando ya mdogo wake, akamwambia: "Ndugu yangu, nakuona umechoka. Je, umefikia mahali pa kufikiria kujiua?"

Kijana aliinamisha kichwa muda mrefu. Kisha akajibu: "Kila usiku. Nilidhani hakuna atakayeuliza."

Tazama, msomaji: jibu ambalo maabara za Uswidi na Indiana zimelitafuta miaka yote hiyo, hapo lilitoka kinywani kwa swali moja la dada yake. Si kila mtu atajibu hivyo, kwani moyo wa mtu ni kichaka. Lakini ukiona kwa zaidi ya wiki mbili mtu halali au analala kutwa, amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, anajiita mzigo, anagawa mali yake au anaaga kana kwamba anasafiri, usingoje. Muulize kwa jina la jambo lenyewe, kisha unyamaze umsikilize. Usimhubirie, usimwambie ajikaze kiume. Akikiri, usimwache peke yake hadi afike kwa daktari.

Mama yao alikuwa na hofu yake. "Mnampeleka Mathari?" akauliza. Huku Nyeri neno hilo lina mambo mawili. Iko Mathari yetu ya misheni ya Consolata, ambako wengi walizaliwa, na iko Mathari ya Nairobi, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa mwaka wa 1910, ambayo jina lake limetumiwa kama tusi kwa vizazi vingi. Hakupelekwa Nairobi. Walipanda matatu asubuhi ya Jumatatu wakaenda Nyeri mjini kumwona daktari, wakarudi jioni.

Na hapo damu ilitolewa kweli. Daktari alitaka kujua kama tezi la shingoni linafanya kazi sawasawa na kama damu haikupungua, kwa maana kasoro za namna hiyo zaweza kumfanya mtu aonekane ana sonona. Hiyo ndiyo kazi ambayo damu inaiweza. Kuhusu nia ya kufa, daktari alitumia njia ileile ya dada. Aliuliza. Kisha akampa dawa, akamwonya kwamba huchukua wiki mbili hadi nne kuleta nafuu, akaiambia familia imwangalie kwa karibu katika wiki hizo za mwanzo, hasa kwa kuwa ni kijana, na akamwandikia siku ya kurudi kwa mazungumzo.

KUFULI NA BARUA

Daktari aliagiza jambo jingine. Dawa zote za shambani zitoke pale nyumbani, zikafungiwe kwa kufuli kwa jirani. Mama aliona ni kumdhalilisha kijana. Lakini wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda likashuka kwa saa chache, na kinachookoa ni kizuizi katika saa hizo. Sri Lanka, nchi ya mashamba ya chai kama sehemu nyingi za mkoa wetu, ilipiga marufuku dawa za kilimo zilizo kali zaidi. Kati ya mwaka wa 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70, na mavuno hayakupungua kwa sababu hiyo. Hakuna aliyepimwa damu.

Kizuizi kingine ni kumkumbuka mtu. Daktari Jerome Motto wa San Francisco aliwachukua wagonjwa 843 waliotoka hospitali na kukataa kuendelea na matibabu. Karibu nusu yao aliwaandikia barua fupi kwa miaka mitano, za kuwajulia hali tu, bila kuwadai chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2001 yalionyesha kwamba waliopata barua walijiua kwa uchache kuliko wenzao, hasa katika miaka miwili ya kwanza. Leo barua ni ujumbe wa simu: "Umeamkaje?" Binamu yangu humtumia mdogo wake kila asubuhi, na asipojibu kufikia saa nne, mama hugonga mlango.

Yapo yaliyokuwa yakiwafunga watu midomo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai hapa Kenya kilimfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Nani angekiri maradhi ambayo tiba yake ni korokoroni? Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama imefanya sehemu yake. Iliyobaki ni ile mahakama ya langoni, inayohukumu damu za watu kwa minong'ono.

Na wale wazee wa posa? Binamu yangu aliwarudia mikono mitupu. Aliwaambia kwamba hakuna cheti cha damu duniani, si chake wala cha mtoto wao, lakini kwamba kwao mtu akiugua sasa huulizwa, hupelekwa hospitali na hakeshi peke yake. "Na kwenu," akawauliza, "mtu akiugua hivyo mnamfanyaje?" Hakuna aliyemjibu pale barazani. Wakati wa kuondoka mzee mmoja alimvuta mama kando akamwuliza kliniki ya Nyeri ni siku gani. Posa inaendelea.

Msomaji, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu 727,000 walijiua kote ulimwenguni. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyeketi naye meza moja. Huenda siku moja kipimo kitapatikana, na tutashukuru. Hadi hapo usikingoje, na usimhukumu mtoto wa mtu kwa kisichopimika. Kama ni wewe unayezongwa na mawazo hayo, mwambie mtu leo, au upige simu kwa Befrienders Kenya, 0722 178 177, ama Msalaba Mwekundu, 1199. Na kama leo mezani kuna mmoja ambaye sahani yake haikuguswa na kicheko chake kimepotea, subiri vyombo viondolewe, umsogelee, umwulize. Kuuliza si ujinga.